Tangu Wakati wa Theluji

Kampuni ya bima ilipokataa kulipia upasuaji wa mbwa wa baba yake, Florida hakumpigia simu mtu wa kumpa pole. Aliomba ruhusa ya siku mbili katika nyumba ya wazee alikokuwa akifanya kazi, akajaza mafuta kwenye gari karibu na ghorofa alizokaa, mtaa wa Newburg, akaondoka Louisville kuelekea Columbus akiwa na hasira aliyoipanga vizuri, kama mtu anavyopanga nguo za safari. Ya juu kabisa ilikuwa ya mdogo wake, Jean Bosco, aliyeleta wazo la bima. Iliyofuata ilikuwa ya kampuni. Ya baba yao, Mzee Sylveri, aliiweka chini kabisa, kwa kuwa hakuwa bado na uhakika kama ilistahili kuwepo.

Mambo yenyewe yalielezeka kwa urahisi. Sylveri aliishi Buffalo, kwenye ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao, peke yake tangu mkewe afariki. Chini yake aliishi mzee Mmarekani mwenye mbwa wa kahawia, mwenye kichwa kipana na kifua kama cha mbuzi dume. Mmarekani alipochukuliwa na watoto wake kupelekwa nyumba ya wazee, mbwa hakuwa na pa kwenda, na Sylveri akapanda naye juu. Waumini wenzake, ambao wengi walikaa mtaa ule ule, walimcheka. Walisema amekuwa Mzungu, amekosa mke sasa analaza mbwa sebuleni. Sylveri hakubishana nao. Kwao Burundi mbwa hupewa jina ambalo jirani anatakiwa kulisikia, basi akamwita Mtasema, na kila jioni alisimama kwenye ngazi za nje akaliita jina hilo kwa sauti ya kutosha mtaa mzima.

Mtasema alimtembeza. Ndivyo Bosco alivyopenda kusema, na ilikuwa kweli: kabla ya mbwa, mzee alikuwa akikaa dirishani kuanzia asubuhi, na daktari wake alikuwa ameanza kuwaonya watoto kuhusu moyo na miguu. Baada ya mbwa alitoka mara tatu kwa siku, mvua au barafu.

Bima ilijadiliwa wakati wa Pasaka, nyumbani kwa Bosco huko Hilliard, pembeni mwa Columbus, nyama ikiwa bado mezani. Bosco alikuwa msimamizi wa zamu kwenye ghala, na ghalani kulikuwa na mwenzake ambaye mbwa wake alikuwa amepasuliwa tumbo, bima ikalipa karibu yote. Alitaka Mtasema naye akatiwe. Kornelia, mke wa Bosco, alicheka mpaka akaweka sahani chini.

"Wifi, sikia mume wangu," alimwambia Florida. "Mimi jino limenitoboka tangu mwaka jana, ananiambia nitafunie upande wa pili. Mbwa ndiye wa kukatiwa bima."

Florida hakucheka. Alikuwa ameshausoma mkataba wa kampuni mbili, pamoja na kurasa za mwisho ambazo watu huziruka, na alieleza alichokikuta: kwamba ugonjwa wowote ulioanza kabla ya bima haulipwi, kwamba kampuni ndiyo inayoamua ulianza lini, na kwamba malipo ya kila mwezi hupanda mnyama anapozeeka. Kwa mbwa wa umri ule, alisema, ni afadhali waweke fedha hiyo hiyo kila mwezi kwenye akaunti yao. Asipougua, inabaki yao.

Hapo Bosco akaingilia. Alimwuliza hiyo akaunti itakaa muda gani kabla simu haijalia kutoka Makamba, kwao Burundi. Shangazi ataugua, mtoto wa shangazi atafukuzwa shule, paa litang'oka. Nani katika ukoo wao ataambiwa kuna akiba, halafu aambiwe akiba hiyo ni ya mbwa? Fedha ya bima, alisema, ikishatoka haipo tena, hakuna ndugu anayeweza kuiomba. Huo ndio uzuri wake.

Florida aliifikiria hoja hiyo wakati Kornelia akiondoa vyombo, akaona ni sahihi. Walikuwa wameanzisha akiba mara nne tangu wafike Marekani, na zote nne zilikuwa zimeliwa na misiba. Akakubali. Mkataba uliandikwa kwa jina la Florida, kwa sababu katika familia ile Bosco ndiye aliyelipa na Florida ndiye aliyesoma, na bima ikaanza kufanya kazi mwishoni mwa mwezi wa nne.

Mwezi wa tisa, Jumapili moja baada ya ibada, Mtasema aliruka kutoka kwenye ngazi za nje akimfukuza kindi. Alilia mara moja. Aliporudi, mguu wa nyuma wa kulia haukugusa chini. Sylveri alimkanda kwa maji ya moto na mafuta siku ile na siku iliyofuata, kisha Aloisi, jirani wa kanisani mwenye gari, akawapeleka kwa daktari wa wanyama. Daktari, mwanamke kijana, alipapasa goti akasema kano lililo ndani limekatika, na dawa yake ni kisu. Akauliza swali moja la kawaida kabisa: mbwa huyu amekuwa akichechemea tangu lini?

Sylveri alisema, "Tangu wakati wa theluji."

Aloisi alitafsiri bila kuongeza wala kupunguza. Daktari aliandika. Theluji Buffalo huisha mwezi wa tatu, wa nne ikichelewa sana. Kampuni ilipoomba taarifa ya daktari ilisoma kwamba mbwa alikuwa mgonjwa kabla ya bima, na ikakataa.

*

Bosco alikuwa akimsubiri Florida barazani huko Hilliard, begi mkononi, kama mtoto anayengoja kuchapwa. Aliingia kwenye gari, akafunga mkanda, akaanza kujitetea kabla hawajafika barabara kuu. Alisema tayari ameshaitumia kampuni video ya mwezi wa sita, Mtasema akikimbia bustanini na mpira mdomoni. Kampuni ilikuwa imejibu kwamba kuchechemea kwa namna hiyo huja na kupotea, na kwamba video ya siku moja haifuti maneno ya mwenye mbwa.

"Kwa hiyo wanamwamini baba," Florida alisema. "Miaka yote hii hakuna ofisi iliyomwamini. Siku aliyodanganya ndiyo wamemwamini."

Hakuna kati yao aliyeuliza kwa nini baba yao alisema vile. Wote wawili walikulia katika kambi ya wakimbizi, mkoani Kigoma, na wote walilijua jibu. Mlangoni pa zahanati ya kambi alisimama mtu mwenye kazi ya kuuliza tangu lini. Aliyesema "leo" alipewa vidonge vya maumivu na kuambiwa arudi hali ikizidi. Aliyesema "siku nyingi" alipita. Mtu huyo hakuwa mbaya. Watu walikuwa wengi na madaktari walikuwa wawili. Lakini kila mzazi alijifunza, na kila mtoto alifundishwa njiani, akiwa mgongoni, aseme nini akiulizwa. Kwa watu wa kambi ile, urefu wa ugonjwa haukuwa hesabu ya siku. Ulikuwa kipimo cha jinsi unavyohitaji mlango ufunguliwe.

Kosa, kwa maoni ya Florida, halikuwa kujifunza hivyo. Kosa lilikuwa kwamba miaka kumi na saba baadaye, kwenye chumba chenye viyoyozi na picha za paka ukutani, ambako hakuna anayefukuzwa maadamu ana kadi ya benki, mtu mwenye akili kama baba yao alikuwa hajaona tofauti.

Kabla ya Cleveland alisimamisha gari kwenye kituo cha mapumziko, akampigia simu daktari wa wanyama. Daktari alimsikiliza vizuri. Alisema hawezi kubadilisha historia ya mgonjwa kwa maneno ya binti aliye mbali. Mwenye mbwa akija mwenyewe, akamwambia kwa kinywa chake kwamba maelezo ya kwanza hayakuwa ya kweli, atayaandika na kuyatuma kwa kampuni. Akawapa nafasi ya asubuhi iliyofuata. Aliongeza kwamba wasikae sana. Mbwa anaegemea mguu mmoja, na huo nao hautavumilia.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kutokaa, na Bosco ndiye aliyeitaja walipokuwa wakiifuata barabara ya kando ya ziwa. Mtasema hakuweza ngazi. Kwa hiyo mara tatu kwa siku Sylveri, mwenye miaka sabini na miwili, alimbeba mbwa wa kilo thelathini kifuani na kushuka naye, kisha akapanda naye. Wiki iliyopita alikuwa ameteleza, wakaanguka wote wawili hadi kwenye kibaraza. Aloisi ndiye aliyesema; mzee mwenyewe alificha. Mwenye nyumba naye aliona, akasema mbwa asiyeweza kupanda aondolewe. Upasuaji ulikuwa na bei ya mshahara wa Florida wa miezi miwili. Pasipo upasuaji mbwa angetolewa, na Florida, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaangalia wazee waliobaki na dirisha, alijua kwa usahihi nini kingefuata.

*

Walifika jioni. Sylveri alikuwa amepika ugali na maharage, na ndizi ambazo Florida anazipenda, ikawa vigumu kuanza. Mtasema alilala kwenye mkeka karibu na jiko, mguu ameukunja hewani hata akiwa amelala. Walikula. Mzee aliuliza habari za Newburg, za wajukuu, za Kornelia na jino lake. Florida alijibu kila swali, akaosha mikono, akamweleza kampuni imesema nini, daktari amesema nini, na kesho asubuhi wanakwenda wapi. Alieleza kwa utaratibu. Hakupandisha sauti.

Sylveri alisema kwamba yeye kwa daktari haendi.

Bosco alidhani hajaelewa, akarudia polepole. Mzee alimkatiza. Alikuwa ameelewa tangu mwanzo. Walitaka aende akaseme kwamba aliyosema siyo.

"Nilisema theluji," alisema. "Ni theluji."

"Baba, ilikuwa Jumapili," Bosco alisema. "Ulinipigia simu Jumapili hiyo hiyo. Ukasema kindi."

"Kwako nilisema kindi. Kwao nilisema theluji. Mtu habadilishi maneno ofisini."

Ndipo Florida akaelewa kwamba walikuwa wamekuja kupigana na kitu kikubwa kuliko walichokitarajia. Kambini kulikuwa na sheria mbili. Ya kwanza ilikuwa ya zahanati. Ya pili ilikuwa ya mahojiano ya kwenda nje, na hiyo watu waliiogopa zaidi: ulichosema mara ya kwanza ndicho utakachosema mara ya tano, mwezi ule ule, kilima kile kile cha kwenu. Rugaba, mdogo wake Sylveri, alihojiwa mara mbili. Mara ya kwanza alisema walivuka mpaka kabla ya mavuno. Mara ya pili, akitaka kuwa mkweli zaidi, alisahihisha, akasema kumbe ilikuwa baada. Familia ya Sylveri ilipanda ndege. Rugaba alibaki, na kambini ndiko alikozikwa.

Mzee hakuisimulia habari hiyo. Hakuhitaji. Alisema tu jina, "Rugaba," kama mtu anayeweka jiwe mezani.

Florida alikuwa amesafiri kwa saa nyingi akiwa ameishika hasira yake vizuri, na sasa ikamponyoka. Alimwambia kwamba yule si afisa wa wakimbizi, ni daktari wa mbwa. Kwamba hakuna ndege inayosubiri. Kwamba wote wamechoka kuishi Marekani kwa akili ya foleni, na kwamba Bosco amekuwa akilipa kila mwezi kwa ajili ya siku moja tu, siku hiyo ikafika, na baba akaimwaga kwa neno moja ambalo hakuna aliyemlazimisha kulisema. "Mbwa wako analala pale hawezi kusimama," alisema, "na si kampuni iliyomweka pale. Ni uwongo wako."

Bosco alisema, "Dada, basi."

Sylveri alimtazama binti yake. Aliongea polepole, na ubaridi wa sauti yake ulikuwa ule ule Florida alioutumia kwa wengine.

"Uwongo huo unaoutukana, wewe ndio uliokuweka hai. Una miaka tisa, macho yamegeuka meupe, shingo imekakamaa. Unafikiri uliingia ndani kwa ukweli?"

Florida alijua kwamba aliwahi kuugua malaria ya kichwa. Hakuwahi kusimuliwa mlangoni palikuwaje. Hata katika hasira ile akili yake ilifanya ilivyozoea: ilitaka kujua mpangilio.

"Yule mtu wa mlangoni, mara ya kwanza ulimwambia nini?"

"Nilimwambia imeanza asubuhi ile."

"Ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Akasema?"

"Akasema nikupe vidonge, nirudi kesho."

"Ukarudi kesho?"

"Kesho ungekuwa umekufa. Nilirudi mchana."

"Kwa mtu mwingine?"

"Kwa yule yule. Nikamwambia nilichanganyikiwa asubuhi, kumbe ni wiki nzima."

"Basi ulibadilisha maneno, baba," Florida alisema. "Mlangoni, mbele ya mtu yule yule, siku moja. Na akakufungulia."

Florida alikuwa ameshinda, na alijua ameshinda, na kwa dakika moja ilikuwa kama kushinda kokote. Kisha Sylveri aliinuka, akasukuma kiti mezani kwa uangalifu.

"Umejifunza kuuliza kama wao," alimwambia. "Hata mkono unaweka mezani kama wao."

Alimchukua Mtasema kifuani, akakataa mkono wa Bosco, akashuka naye ngazi moja moja kumpeleka kukojoa. Walimsikia akihema hadi chini.

*

Asubuhi walimkuta amevaa koti la ibada na tai. Hakusema anakwenda. Alisimama tu mlangoni na kamba ya mbwa mkononi, na Bosco akambeba Mtasema hadi kwenye gari.

Chumbani kwa daktari Florida alijiweka tayari kutafsiri. Alikuwa amepanga maneno: baba yake alielewa swali vibaya, kulikuwa na tatizo la lugha. Hilo lingekuwa rahisi kwa kila mtu, na daktari angelipokea. Halikuwa kweli. Alikuwa bado anapima kama anaweza kulisema aliposikia mzee akimwambia kwa Kiswahili, bila kumtazama, anyamaze.

Sylveri alizungumza kwa Kiingereza chake cha kiwandani, Kiingereza cha miaka kumi mbele ya mashine ya kufunga maboksi, chenye majina ya vitu na amri, na vingine vichache.

"Mimi mara ya kwanza, uwongo," alimwambia daktari. "Theluji, hapana. Theluji mbwa mzuri. Jumapili, kindi, mbwa anaruka. Mguu ni Jumapili. Mimi nasema theluji, wewe usinirudishe nyumbani."

Daktari aliacha kuandika. Alimwuliza kwa upole kwa nini alifikiri angemrudisha nyumbani.

Florida alifungua mdomo. Baba yake aliinua kidole tu, naye akaufunga.

"Mimi sikukujua," Sylveri alisema.

Uso wake ulikuwa umetota jasho, kwenye chumba chenye baridi. Daktari alisema asante, akaandika kwa muda, akageuza kioo cha kompyuta ili wasome. Mzee alimwamuru Florida asome kwa sauti, neno kwa neno, na akasoma: mwenye mbwa amefika, amesema maelezo yake ya awali hayakuwa ya kweli, kuchechemea kulianza siku mbili kabla ya kuletwa mara ya kwanza, daktari naye anaona hali ya goti inalingana na jeraha la karibuni. Sylveri alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama kuna njia ya kuandika hayo yote bila yale maneno "hayakuwa ya kweli". Daktari alifikiri, akasema hapana. Bila maneno hayo, mengine hayana kazi. Mzee akatikisa kichwa kukubali.

Hawakusubiri jibu. Mtasema alipasuliwa wiki ile ile. Kituo cha daktari kilikubali kulipwa kidogo kidogo, Bosco akachukua zamu za Jumamosi, Florida akaahirisha breki za gari, na Makamba wakaambiwa mwezi huo hakuna kitu. Kwa nini hakuna, hawakuambiwa.

*

Jibu lilikuja mwezi wa kumi na moja. Florida alilisoma kwenye simu wakati wa mapumziko, amesimama kwenye ukumbi wa nyumba ya wazee. Kampuni ilikuwa imepokea maelezo mapya na kuyapima. Ilisema kwamba maelezo ya kwanza yalitolewa karibu na tukio, wakati ambapo mwenye mbwa hakuwa na sababu ya kudanganya. Maelezo ya pili yalitolewa baada ya malipo kukataliwa, wakati ambapo sababu ilikuwepo. Kwa hiyo kampuni ilisimama na ya kwanza. Tena, kwa kuwa kano la mguu mmoja likikatika la pili huwa hatarini, kuanzia sasa mguu wa nyuma wa kushoto nao ulihesabiwa kuwa na ugonjwa wa kabla ya bima.

Alisoma mara ya pili akitafuta kosa. Hakuliona. Mtu asiyemjua baba yake, aliyepewa karatasi hizo mbili tu, angeamua hivyo hivyo. Yeye mwenyewe angeamua hivyo hivyo. Uonevu angejua namna ya kuuandikia barua. Hapa hapakuwa na kitu cha kushika.

Bosco alitaka rufaa ya mwisho. Mkataba uliiruhusu, kwa kiapo cha mwenye mbwa mbele ya mwanasheria. Alisema kiapo ni kiapo, watakiheshimu. Florida alisema hapana. Bosco akamkumbusha, na sauti yake ilikuwa imepanda, kwamba ni yeye aliyemlazimisha mzee kusema, ni yeye aliyemhoji mezani kama polisi, na sasa imebaki hatua moja anakaa chini.

"Ndiyo, ni mimi," Florida alisema. "Nilimtoa hayo maneno kwa nguvu, wakayatumia kumwita mwongo mara mbili. Mara ya tatu atafutwe mtu mwingine wa kumhoji. Sio mimi, na wewe ukimgusa na hicho kiapo, Bosco, hutanisikia tena kwenye simu hii."

Bosco alikata simu. Walikaa bila kuongea hadi Krismasi.

Kwa baba yake alipiga simu siku hiyo hiyo. Alimsomea jibu lote bila kulilainisha, kwa sababu alijua angegundua. Sylveri alimwacha amalize. Alisema kwamba hata Rugaba aliambiwa hivyo, karibu kwa maneno hayo hayo. Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anayethibitisha vipimo. Kisha akamwambia kwamba Mtasema anapanda ngazi tatu sasa, ya nne anakaa na kungoja. Florida alitaka kuomba msamaha, akatafuta atauanza vipi. Mzee alikuwa ameshamuaga.

Kesho yake, wakati wa mapumziko tena, aliipigia kampuni kufuta bima. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu nyingi. Alimpa pole kwa uamuzi ule, akamwonya kwamba akiondoka na kurudi baadaye, kila ugonjwa ambao mbwa ameshaupata utahesabiwa kuwa wa kabla. Alipendekeza mpango wa bei nafuu zaidi.

"Naomba unisaidie jambo moja kwanza," Florida alimwambia. "Kwa mbwa huyu, kama alivyo leo, ni sehemu gani za mwili wake bado mnazilipia? Nisomee zote."

Kijana alisema hakuna orodha ya namna hiyo. Florida akasema ana muda. Basi kijana, kwa kuwa alifundishwa kumfurahisha mteja, alifungua faili, akaanza kuitengeneza mwenyewe kwa kusitasita: macho, masikio, moyo, ini, tumbo ila kwa masharti, miguu ya mbele. Alipofika kwenye mgongo alisimama. Alisema mbwa anayechechemea kwa muda mrefu huweza kuumia mgongo pia, kwa hiyo hapo hawezi kumhakikishia. Shingo nayo, kwa sababu hiyo hiyo.

Florida alimwacha aendelee. Wazee wawili walikuwa wamebonyeza kengele za vyumba vyao, na taa zilikuwa zikiwaka juu ya milango. Alisubiri mpaka kijana akaishiwa na mbwa. Kisha akamwambia afute.